Vitenzi Mia Mbili vya Mpishi wa Isecheno

Unakijua Kiingereza, msomaji, au unajua kukitii tu?

Usikasirike. Mimi pia nilikasirika swali hilo liliponijia mara ya kwanza, mwaka wa 1964, nikiwa na cheti cha ualimu ambacho wino wake ulikuwa haujakauka sawasawa na kichwa kilichojaa hotuba. Aliyenitia swali hilo kichwani hakuwa profesa wala mbunge. Alikuwa mpishi wa kituo cha msitu cha Isecheno, jina lake Patroba, na alikuja darasani kwangu Khayega Jumamosi moja ya mwezi wa Mei akiwa amevaa koti jeupe lililopigwa pasi hata mikunjo ya mikono ikasimama yenyewe.

Darasa lilikuwa la watu wazima. Uhuru ulikuwa na miezi mitano, nami nilikuwa nimeapa kwamba nikiwa hai hakuna mtu mzima wa Khayega atakayechovya kidole gumba kwenye wino tena kwa kukosa kujua kuandika jina lake. Kila Jumamosi soko lilipoanza kupungua walikuja akina mama na vikapu vyao, mafundi cherehani wawili, na mzee mmoja mtengeneza baiskeli aliyeshika kalamu kama spana. Wengi walitaka kuandika majina yao, basi. Patroba jina lake alilijua tayari. Alikaa nyuma akisikiliza, akangoja wenzake watoke, ndipo akaja mbele na kutoa barua mfukoni.

"Mwalimu, mirembe."

"Mirembe, mzee."

"Nimeambiwa wewe unajua vitenzi."

Nikacheka. "Vitenzi kila mtu anavijua, mzee."

"Basi soma hapo uniambie mimi ninavijua vya aina gani."

Barua ilikuwa ya Kiingereza, imepigwa taipu, imetoka ofisi moja ya serikali mjini Kakamega. Mzungu aliyekuwa akisimamia msitu alikuwa ameondoka mwezi wa Aprili yeye na mkewe, na nyumba yao kubwa sasa ilifanywa nyumba ya wageni. Ilihitaji mtunzaji Mwafrika wa kupokea wageni, kujaza daftari lao na kuandika ripoti ya kila wiki kwa Kiingereza. Mtunzaji angepewa mshahara na ile nyumba ya vyumba viwili iliyo nyuma ya jiko. Waliotaka kazi wangefanyiwa mtihani Alhamisi, tarehe kumi na moja Juni. Kwanza sentensi kumi nyepesi za Kiingereza: pigia kitenzi mstari, kisha andika ni kitenzi cha aina gani. Halafu kila mmoja angepimwa namna anavyompokea mgeni.

"Hiyo nyumba ya vyumba viwili," nilimwuliza, "anakaa nani sasa?"

"Mimi na Navalayo, mke wangu. Mwaka wa kumi na tisa huu."

"Na ukishindwa mtihani?"

"Tunatoka."

"Kwenu hakuna shamba?"

"Lipo. Lina ndugu zangu wanne juu yake. Ukitema mate upande huu, jirani wa upande ule anakuuliza kwa nini."

Nilihisi damu ikinipanda. Mtu amepika katika nyumba ile miaka kumi na tisa, anajua kila ubao unaolia ukikanyagwa, halafu anaulizwa aina za vitenzi! Nikamwambia nitaandika barua kali kwa ofisi hiyo, na nyingine kwa gazeti, na kama haitoshi nitakwenda mjini mwenyewe.

Patroba alinisikiliza kwa adabu mpaka nikaishiwa pumzi. "Hiyo barua kali utaiandika kwa Kiingereza?"

"Ndiyo."

"Basi nifundishe hicho kwanza. Barua itakuja nyuma."

Tulikuwa na wiki tatu kasoro siku mbili.

Nikafikiri kwamba kabla ya kumfundisha ni vizuri nijue anachokijua. Jumapili baada ya kanisa nikapanda baiskeli kwenda Isecheno. Njia ilikuwa imelowa, na miti ilikuwa bado inadondosha mvua ambayo mbinguni ilikuwa imekwisha. Nilimkuta jikoni. Jiko lenyewe lilikuwa la chuma, la kuni, jeusi na pana kama kitanda cha watu wawili, lenye milango minne na bomba lililotokea paani. Nikakaa kwenye kigoda, nikafungua daftari jipya, nikamwambia aseme vitenzi vyote vya Kiingereza alivyo navyo, kimoja kimoja, nami niandike.

"Nikisema bila kufanya nitasahau," akasema. "Acha nifanye."

Akaanza. Alitaja neno, na mikono yake ikalitenda. "Cut," akakata kitunguu. "Peel," akamenya kiazi. "Wash. Boil. Stir. Strain." Alipofika kwenye unga mikono yake ilikwenda mbio kuliko kalamu yangu. Akatoka jikoni, akaingia sebuleni, nami nyuma yake na daftari: fagia, panguza, kunja, tandika, ng'arisha, funga dirisha, fungua dirisha, fukuza nyani. Kila tendo alilijua kwa Kiingereza chake, na kila tendo alilifanya mbele yangu kama mtu anayenionyesha shamba lake mpaka kwa mpaka.

Tuliporudi jikoni akafungua mlango wa jiko, akachota mafuta kwa kijiko na kuyamwagia tena juu ya kuku aliyekuwa akiiva ndani. "Baste," akasema.

Nikasimamisha kalamu. "Hilo si neno, mzee."

"Si neno?"

"Sijawahi kulisikia."

Patroba akanitazama kwa huruma, kisha akacheka hata Navalayo akaja mlangoni na ungo mkononi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka ng'ambo ya mto.

"Navalayo, mwalimu hajui baste!"

"Hajui?" Navalayo akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Na alisomea chuo gani huyo? Hata mimi ninaijua, na mimi ninapetanga mahindi tu."

Niliporudi nyumbani nikatafuta katika kamusi yangu ya chuo. Neno lilikuwapo, na maana yake ilikuwa ileile niliyoonyeshwa na kijiko. Siku hiyo nilikuwa nimeandika vitenzi mia mbili na kumi na saba. Kumi na kimoja kati yavyo sikuwa nikivijua, mimi niliyekuja kumwokoa.

Lakini nilipoipitia orodha mara ya pili nikaona jambo lililonikosesha raha. Lete. Ondoa. Kata. Ngoja. Harakisha. Nyamaza. Rudia. Vyote vilikuwa amri. Hapakuwa na "nimeleta" wala "tutaleta", achilia mbali "wanapenda" au "alikuwa". Mtu alikuwa amepewa lugha nzima ya watu wengine, na katika lugha hiyo alikuwa amepewa kona moja tu, ile anayosimama mtumishi. Nikarudi Jumatano saa za jioni baada ya shule, nikiwa na swali moja.

"Mzee Patroba, niambie kwa Kiingereza: mimi ni mpishi."

Akafikiri. Akapangusa mikono kwa kitambaa, akafikiri tena. "Cook," akasema.

"Hiyo ni 'pika'. Mimi nataka 'mimi ni mpishi'."

"Hiyo sina."

"Miaka kumi na tisa?"

"Mwalimu, Memsabu, yule mke wa Mzungu, alikuwa ananiambianga nifanye nini. Mimi ni nani, hakuniambia. Kwa nini aniambie? Mimi mwenyewe nilikuwa najua."

Hapo nikawaka. Nikatoa hotuba palepale kati ya masufuria: jinsi walivyotutumia kama mikono isiyo na kichwa, jinsi lugha yenyewe ilivyofanywa fimbo, na mengine ambayo nilikuwa nimeyasema vizuri zaidi chuoni. Nikamtaja Memsabu kwa maneno ambayo sitayarudia hapa.

"Ngoja," Patroba akasema, na mara hii hakutabasamu. "Huyo mama alipougua malaria mimi nilimlisha uji kwa kijiko siku tisa, na Navalayo alipojifungua vibaya, huyo mama alimpeleka hospitali katika gari lake usiku, na damu kwenye viti. Alikuwa na kelele, ndiyo. Alikuwa na kelele hata kwa mumewe. Mtukane huko Khayega. Hapa ni jikoni kwangu."

Mpaka leo sijui ni nani kati yetu alikuwa sahihi, na labda sote tulikuwa.

Basi tukaanza na vitenzi. Barua ilitaja aina tatu: vya kutenda, vya kusaidia na vya kuwa. Vya kutenda havikumpa shida, na hata alivigawa upya kwa namna ambayo sikufundishwa na mtu. Alisema vingine vina sinia mkononi na vingine vinatembea mikono mitupu. Ukisema "leta", lazima kuna kitu juu ya sinia: leta nini? Chai. Ukisema "ngoja", hakuna cha kubeba, unangoja tu. Nikamwandikia sentensi ishirini ubaoni, ubao wenyewe ukiwa mlango wa kabati la unga, naye akazipitia moja moja akiuliza, "Huyu ana sinia?" Hakukosea hata moja. Kitabu changu kilitumia kurasa nne kueleza jambo hilohilo.

Visaidizi alivielewa siku moja. "The rain has stopped," niliandika, mvua imekatika. Akaangalia maneno mawili ya kitenzi yaliyosimama pamoja. "Huyu wa kwanza hafanyi kazi," akasema. "Anashikilia mlango ili mwenzake apite."

Kilichotutesa ni kitenzi cha kuwa. Niliandika, "The dog is old." Mbwa ni mzee. Patroba akaisoma, akapiga mstari chini ya mbwa.

"Hapana, mzee. Kitenzi ni 'is'."

"Nani anafanya kazi hapo?"

"Hakuna."

"Mbwa hafanyi kitu?"

"Ni mzee tu."

"Na huyu 'is' anafanya nini?"

"Hafanyi chochote. Anaunganisha."

"Sasa kama hafanyi chochote, kwa nini anaitwa kitenzi?"

Nilikuwa nimefaulu mitihani miwili ya sarufi bila kujiuliza jambo hilo. Nilimwambia nitamletea jibu. Nikapekua madaftari yangu yote ya chuo: niliambiwa kwamba ni kitenzi, nikaambiwa nikariri, na nilikariri. Niliporudi mikono mitupu Patroba hakunicheka. Alikuwa amelifikiria mwenyewe. Alisema amemtazama mbwa wao mzee mchana kutwa, na ameona kwamba kuwa mzee nako ni kazi, na mbwa yule huifanya kwa bidii. Tangu siku hiyo alipiga mstari mahali panapostahili.

Wiki ya tatu ilikwenda mbio. Aliandika kwa mkaa nyuma ya mlango, akaandika kwa kidole katika unga uliomwagika. Navalayo alilalamika kwamba mumewe sasa anamwuliza kila neno lina sinia au halina, hata maneno ya kugombana. Nami nilijaa matumaini. Kila niliposhuka na baiskeli kuelekea Khayega nilijiona kama mtu aliyesaidia kung'oa nguzo moja ya ukoloni kwa chaki.

Alhamisi ile ofisa alifika saa saba mchana, mvua ikiwa imetoka tu kuchapa na uwanja umegeuka tope jekundu. Tulimwita Bwana Erastus. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na mitano hivi, tai shingoni, suti ya kijivu, amesomea shule za misheni chini ya walimu Wazungu tangu utoto. Kwao hakukuwa mbali na hapo, na lugha yetu aliijua, ila siku hiyo hakuitumia. Waombaji walikuwa wawili. Wa pili alikuwa Cleophas, kijana wa miaka ishirini na miwili kutoka mjini, karani wa muda, mwenye cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha. Nilitaka kumchukia lakini alinisalimu vizuri mno.

Niliruhusiwa kukaa pembeni ya veranda kwa sharti la kufunga mdomo.

Karatasi ya sentensi kumi ilikwenda salama. Nilimwona Patroba akipita kila mstari kwa ncha ya kalamu, midomo yake ikiuliza juu ya sinia. Alimaliza baada ya Cleophas, lakini alimaliza.

Ndipo ikaja sehemu ya kumpokea mgeni. Bwana Erastus alieleza kwamba atashuka ngazi, aende mpaka kwenye gari, kisha arudi kama mgeni aliyetoka safari ndefu. Mwombaji ampokee kwa Kiingereza, amkalishe na kumpa chai.

Cleophas alitangulia. Alimpokea kwa Kiingereza laini kama cha redio, akainama kidogo, akauliza habari za safari, akamwonyesha kiti. Kisha akaingia jikoni, na hapo tukangoja. Tukasikia milango ya jiko ikifunguliwa na kufungwa. Baada ya robo saa alitoka akikohoa, macho mekundu, na kikombe cha maji ya uvuguvugu yaliyokuwa na majani ya chai yanayoelea. Bwana Erastus aliitazama saa yake ya mkononi, akaandika kitu.

Zamu ya Patroba. Alisimama juu ya ngazi, amefunga vifungo vyote vya koti. Bwana Erastus akaja kutoka kwenye gari akikanyaga tope, akapanda ngazi ya kwanza, ya pili.

"Stop!"

Naapa sauti ile haikuwa ya Patroba. Ilikuwa nyembamba na kali, sauti ya mwanamke wa Kizungu, imetoka kifuani mwa mzee wetu kamili kama ilivyoingia. Bwana Erastus akaganda, mguu mmoja hewani.

"Look at your shoes! Take off!"

Na Bwana Erastus, ofisa wa serikali huru, akainama akafungua kamba za viatu.

"Sit! Not there! There! Wait! Don't touch!"

Akaketi. Akangoja. Hakugusa kitu. Mikono yake aliiweka magotini kama mtoto wa shule. Patroba akaingia jikoni, na kabla sijameza mate alitoka na sinia: chai inayotoa moshi, maziwa ya moto, skonzi zilizopakwa siagi. "Drink! Eat!" Ofisa akanywa. Alikuwa amefika nusu ya kikombe na nusu ya skonzi, na uso umelegea kwa utamu, alipotazama chini akaona yuko na soksi mbele ya watu watatu, na kidole gumba cha mguu wa kulia kimechungulia nje.

Cleophas alikuwa ameuma leso. Kicheko kilimponyoka hivyohivyo.

Bwana Erastus akasimama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akasema Kiswahili. "Wewe mzee, unajua unazungumza na nani?"

"Na mgeni, bwana," Patroba akajibu, akishangaa.

"Mgeni ndiyo anaambiwa hivyo?"

"Ndivyo nilivyoambiwa mimi siku niliyofika hapa, bwana. Na kila siku baadaye. Nilidhani Kiingereza kinakaribishanga mtu hivyo."

Hakukuwa na dharau ndani yake, hata chembe. Alikuwa ametoa kitu bora alichokuwa nacho. Nami nilitamani sakafu ya veranda ipasuke inimeze, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Wiki tatu nilimfundisha kuvitenga vitenzi, hiki kinasaidia, hiki kinaunganisha, na siku hata moja sikumfundisha kusema karibu. Sikuwaza. Nilidhani mtu aliyeishi miaka kumi na tisa kati ya Waingereza angekuwa amekaribishwa nao angalau mara moja.

Bwana Erastus alivaa viatu vyake. Akatangaza matokeo akiwa amesimama: katika sentensi, Cleophas tisa, Patroba nane, katika kumpokea mgeni, Cleophas amefaulu, Patroba sifuri. Mtunzaji ni Cleophas. Nyumba ya nyuma iachwe wazi kufikia saa nne asubuhi ya kesho, kwa kuwa mchana watafika wageni wanne kutoka Nairobi.

Nilivunja sharti. "Bwana, kama Kiingereza chake si kitu, mbona wewe umevua viatu?"

Nilidhani atanifokea. Badala yake alikunja karatasi zake, akashuka ngazi polepole, na gari likaondoka.

Mvua ilirudi, nikalala kwa mfanyakazi mmoja wa bustani ya miche.

Asubuhi yake, saa mbili hivi, nilikwenda kuwasaidia kubeba. Kila kitu kilikuwa tayari nje kwenye majani yaliyolowa: kitanda cha mbao kilichofunguliwa kamba, godoro limefunikwa turubai, kinu, masanduku mawili, na ingokho watatu, kuku wa Navalayo, wamefungwa miguu wakilalamika. Navalayo alikuwa ameketi juu ya sanduku akiwa amenipa mgongo. Patroba alisimama akiangalia bomba la jiko.

Bomba halikutoa moshi. Moshi ulitoka madirishani.

"Kijana yuko ndani tangu saa kumi na mbili," akaniambia. "Amefunga kibati cha kuzuia moshi bombani. Anadhani anakifungua."

"Mwache," akasema Navalayo bila kugeuka. "Mwenye nyumba anajua nyumba yake."

"Ndiyo. Nitamwacha." Akahesabu madirisha kwa macho. "Atachoma pazia."

"Patroba!"

"Nakuja sasa hivi," akasema, na akaenda upande usio wetu.

Nilimfuata mpaka mlango wa jikoni. Cleophas alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko, shati lake la karani limekuwa la mchoma makaa, machozi yanamtiririka. Patroba hakumsalimu. Alinyoosha kidole. "Open," akasema. Cleophas akafungua. "Not that. Up. Pull." Kibati kikavutwa, na moshi ukageuka njia kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. "Wait." Wakangoja. "Now. Small wood. Blow." Kijana alipuliza kwa mashavu yote. Moto ukashika, jiko likaanza kunguruma. Hakuna aliyecheka. Patroba aliendelea: sufuria, maji, unga, siagi, na Cleophas akafuata neno kwa neno, mwenye cheti akimtii asiye nacho, mpaka bati la kwanza la skonzi likaingia ndani na mlango ukafungwa.

Ndipo Cleophas akajipangusa uso kwa mkono akazidi kujipaka. Akatoa barua yake ya kazi mfukoni, akaikunjua kwa vidole vyeusi, akanionyesha mstari wa chini kabisa. Mtunzaji ataajiri mpishi mmoja kwa kadiri aonavyo.

"Mimi kwetu ni mjini," akasema. "Nina baiskeli. Hiyo nyumba ya vyumba viwili sijaiomba."

Mimi nilikuwa na la kusema. Nilitaka kusema kwamba hii si haki, kwamba mzee anarudi palepale alipokuwa, sasa chini ya kijana ambaye yeye mzee angeweza kumzaa. Nilimtazama Patroba ili nijue nianzie wapi. Hakuwa akinisikiliza. Alikuwa amemkazia macho Cleophas.

"Ripoti za wiki utaandika wewe?"

"Nitaandika, baba. Ila hayo mambo ya jikoni utaniambia niandike nini."

"Pole pole. Kwa Kiswahili kwanza."

"Kwa Kiswahili kwanza."

Cleophas akatoka nje, akavuka majani yaliyolowa mpaka kwenye kitanda, akainama akashika miguu ya mbele. "Baba, shika huko." Patroba akashika miguu ya nyuma. Wakakiinua kukirudisha ndani, na mimi nikaokota kinu kwa kuwa sikuona la maana zaidi la kufanya.

Navalayo hakuondoka juu ya sanduku. Kitanda kilipokuwa kinapita mbele yake alimzuia Cleophas kwa kidole kimoja kifuani, akamkagua masizi usoni.

"Kijana. Mchana utakula nini hapa, obusuma, ugali wetu, au mkate wa wageni?"

"Obusuma, mama."

"Na mboga?"

"Yoyote utakayonipa."

Navalayo akafikiri kidogo. Kisha akasimama, akawafungua kuku miguu.